Igor Sikorsky, mtu aliyefunga helikoptere yake kwa kamba (1889-1972)



Wengi wenu mlikuwapo Jumapili ile nyuma ya chumba cha kulia. Mwenzetu mmoja wa internati alipewa na mjomba wake wa Ulaya helikoptere ndogo ya kuchezea, ya telekomande. Akaitoa katika karto, akatia betri, akaiweka chini mbele ya watu wote, kisha akasukuma kijiti cha telekomande mpaka mwisho. Helikoptere ikaruka juu sawa nyigu aliyechokozwa, ikageuka, ikapiga ukuta, ikaanguka. Bawa moja likavunjika. Hata dakika moja haikwisha. Watu wakacheka mpaka machozi, na mwenzetu akaifungia katika sanduku lake. Tangu siku ile hataki kuiona tena.

Sisi vilevile tulicheka, tunaungama. Lakini kisha tulisoma habari za mtu mmoja ambaye helikoptere yake ya kwanza haikutoka chini hata kidogo, na ya pili haikuweza kumbeba. Mtu yule alikuja kutengeneza namna ya helikoptere inayofuatwa na wengi katika dunia mpaka leo. Tulipomaliza kusoma tuliona kama tulicheka bure. Basi, tunawaletea maisha yake.

1. Mtoto wa Kiev

Igor Sikorsky alizaliwa tarehe 25 Mei 1889 katika mji wa Kiev. Kwa wakati ule Kiev ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Leo ni mji mkuu wa inchi ya Ukraine. Kwao walizaliwa watoto watano, naye ndiye kitinda mimba. Baba yake alikuwa profesa wa chuo kikuu na munganga wa magonjwa ya akili. Babu yake alikuwa padri wa Kanisa la Orthodox. Mama yake alisoma udaktari lakini hakufanya kazi hiyo. Alibaki nyumbani na kuwafundisha watoto wake.

Ni mama huyu aliyemfungulia mlango. Alimsimulia habari za Leonardo da Vinci, fundi na mchoraji wa Italia wa zamani sana, aliyechora katika kartasi zake mashini ya kupanda juu kwa kuzunguka, sawa visi inavyoingia katika ubao. Igor alisoma vilevile vitabu vya Jules Verne, Mfaransa aliyeandika hadisi za safari za ajabu. Alipokuwa na miaka 12 alijitengenezea helikoptere ndogo ya kuchezea, yenye kuzungushwa na uzi wa mpira uliosokotwa. Ikapanda juu. Haikuwa na motere, haikuwa na telekomande, lakini ilipanda, na mtoto hakusahau.

Katika 1903 aliingia shule ya wanamaji wa mfalme kule St. Petersburg. Miaka mitatu kisha akaiacha, kwa sababu moyo wake ulikuwa katika ufundi. Alisoma kidogo Paris, na katika 1907 akaingia chuo cha ufundi cha Kiev.

2. Helikoptere mbili zilizomshinda

Katika mwaka 1908 alikuwa Ujeremani pamoja na baba yake. Kule akasoma habari za ndugu wawili Wright, Wamarekani, namna wanavyoruka kwa ndege yao. Tangu siku ile hakutaka kazi nyingine. Mwanzo wa 1909 dada yake Olga akampa feza, akaenda Paris, mji uliojaa watu wa ndege kwa wakati ule. Alionana na Kapiteni Ferber, Mfaransa aliyekuwa na jina kubwa katika mambo hayo. Kapiteni akamshauri asipoteze wakati kwa helikoptere, afazali atengeneze ndege ya mabawa. Kijana akasikiliza kwa heshima, kisha akanunua motere ya Anzani ya nguvu za farasi 25, akarudi Kiev, akaanza kutengeneza helikoptere. Vijana ni vijana!

Hapa tueleze neno moja. Juu ya helikoptere kuna mabawa membamba yanayozunguka pamoja kwa mti mmoja wa chuma. Mafundi wanaita hayo mabawa pamoja rotori. Mashini ya Sikorsky ilikuwa na rotori mbili, moja juu ya nyingine, na kila moja ikizunguka kwa upande wake. Katika 1909 aliwasha motere. Mashini ikatetemeka sana, lakini haikutoka chini. Akaivunja, akatengeneza nyingine, akaimaliza mwanzo wa 1910. Hiyo ya pili ilikuwa na nguvu ya kuinua uzito wake yenyewe. Lakini uzito wa mtu juu yake? Hapana.

Juu ya nini ilimshinda? Motere za wakati ule zilikuwa nzito na zaifu. Tena hakukuwa na kitabu cha kumfundisha namna ya kukata mabawa ya rotori wala namna ya kuyaongoza. Feza za jamaa zake zilikuwa zinakwisha.

Angalieni sasa jambo alilofanya, sababu maisha yake yote yako ndani yake. Hakudanganya watu kama mashini ni nzuri. Wala hakuamua kama wazo lenyewe ni upuzi. Aliona kama wakati wake haujafika: motere haitoshi, na yeye mwenyewe hajajua vya kutosha. Akaiweka pembeni. Alikuwa na miaka 20. Aliirudilia alipokuwa karibu na miaka 50.

3. Ndege kubwa, na mbu mmoja

Akageukia ndege za mabawa. Ndege yake ya kwanza haikuruka. Ya pili iliruka kwa sekunde chache katika Juni 1910. Alianguka, akatengeneza, akaanguka tena. Hakukuwa na mtu wa kumfundisha kuendesha, alijifundisha mwenyewe katika mashini alizotengeneza kwa mikono yake.

Katika 1911 motere ya ndege yake ilizimika gafula hewani, akalazimika kushuka kwa hatari na ndege ikavunjika. Walipofungua motere waliona kama mbu mmoja aliingia katika njia ya esanse na kuiziba. Mbu! Sisi wa huku tunamjua mbu kwa malaria. Bwana Sikorsky alimjua kwa motere. Lakini hakukasirikia mbu. Alifikiri hivi: kama mdudu mdogo anaweza kuangusha ndege yenye motere moja, inafaa ndege iwe na motere nyingi, ili moja ikifa nyingine zibaki. Watu wengi wenye akili walizani ndege ya namna hiyo haiwezi kuongozwa. Katika Mei 1913 akarusha ndege ya motere 4, ya kwanza katika dunia. Katika 1914 nyingine kubwa zaidi, iliyoitwa Ilya Muromets, ilibeba watu 16 pamoja na imbwa mmoja, na kisha ilifanya safari toka St. Petersburg mpaka Kiev na kurudi.

Mwaka ule ule vita vikaanza katika Ulaya. Ndege ile iliyotengenezwa kubeba wasafiri ikageuzwa kubeba mabomu. Zaidi ya 70 zilitengenezwa. Hatuwezi kuficha jambo hili. Kazi ya mikono ya fundi inaweza kuchukuliwa na vita, na fundi huyu alishiriki.

4. Mkimbizi

Katika 1917 mapinduzi yakaja Urusi. Watu waliokuwa karibu na mfalme walikuwa katika hatari ya kuuawa, na jina la Sikorsky lilijulikana sana. Mwanzo wa 1918 akapanda mashua katika bandari ya Murmansk, akaacha nyumba, kiwanda, na mtoto wake mdogo wa kike, Tania. Alipita Uingereza, akafika Ufaransa. Kule alipata kazi ya kuchora ndege ya vita, lakini vita vikaisha katika Novemba, na kazi ikaisha pamoja navyo. Tarehe 30 Machi 1919 akafika New York, Marekani. Alikuwa na miaka 29, na feza kidogo sana mfukoni.

Wapenzi wasomaji, katika inchi yetu wengi wanajua maana ya kukimbia na kuanza tena fasi ambako hakuna anayekujua. Mtu aliyekuwa mkubwa wa mafundi katika Urusi hakupata kazi ya ndege, sababu Marekani ilikuwa na ndege nyingi za vita zilizobaki na watu hawakutaka mpya. Akapanga chumba kidogo, akala kidogo, na akawa mwalimu. Jioni aliwafundisha hesabu Warusi wenzake waliokimbia sawa yeye, watu wa viwanda waliochoka na kazi ya mchana. Walimu wetu watapenda kusikia hivi: ni kazi ya ualimu iliyomlisha.

Katika 1923 yeye na wakimbizi wenzake wakaanzisha kampuni. Kiwanda chao kilikuwa shamba la kuku la Mrusi mmoja karibu na New York. Walitafuta vyuma vikuukuu, walifanya kazi nje kwa baridi, na mara nyingi mshahara haukupatikana. Walipokuwa karibu kushindwa, Sergei Rachmaninoff, Mrusi mwenzao aliyejulikana kote kwa kupiga piano, akanunua sehemu katika kampuni kwa dolari 5.000. Mwaka ule Tania na dada zake Igor wakaja kumfikia.

Katika Mei 1924 ndege yao ikawa tayari. Mafundi wote walitaka kupanda siku ya kwanza, naye hakuwa na moyo wa kuwakataza. Motere zilikuwa zimechoka, mzigo ukawa mwingi, ndege ikaanguka na kuvunjika. Hakufa mtu. Wakatengeneza tena, wakatafuta motere nzuri, na mwaka ule ule ikaruka. Kati ya mizigo yake ya kwanza kulikuwa piano mbili kubwa.

5. Msiba na mafanikio

Kisha ukaja mwaka 1926. Piloti wa Ufaransa, René Fonck, shujaa wa vita, alitaka kuwa wa kwanza kuruka toka New York mpaka Paris bila kusimama. Sikorsky alimtengenezea ndege ya motere 3. Ilihitaji kujaribiwa zaidi, hasa kwa mzigo mkubwa wa esanse, lakini wakati ulikuwa unawakimbiza sababu wengine walitaka kutangulia. Tarehe 21 Septemba ndege ikakimbia katika uwanja, nzito kupita kiasi, ikashindwa kupanda, ikaanguka na kuwaka moto. Fonck alipona. Watu wawili wakafa.

Tunazani siku ile inaeleza uvumilivu wake wa kisha. Tangu hapo alikuwa mtu wa kujaribu polepole.

Hakuacha kazi. Katika 1928 akawa raia wa Marekani. Kampuni yake ikaingia katika kampuni kubwa zaidi na kuhamia mji wa Stratford. Kule alitengeneza ndege kubwa zinazoweza kutua juu ya maji, zilizovusha watu juu ya bahari katika miaka ya 1930.

6. Kamba

Katika 1938 wakubwa wa kampuni wakamwita. Ndege zake za maji zilikuwa nzuri, lakini wanunuzi walipungua, basi kazi yake ingefungwa. Alikuwa na miaka 49. Mtu mwingine angeomba feza zake na kwenda kupumzika. Yeye aliomba jambo moja: wamwachie mafundi wake wachache, wajaribu helikoptere. Wakakubali.

Inafaa tuseme ukweli: yeye si wa kwanza kurusha helikoptere. Katika 1936, kule Ujeremani, mashini ya Profesa Focke ilikuwa imeruka vizuri, nayo ilikuwa na rotori mbili, moja kuume na moja kushoto. Sikorsky alitaka kitu chepesi zaidi: rotori moja kubwa juu, na nyingine ndogo kwenye mkia.

Mkia ni wa nini? Simama ndani ya mtumbwi mdogo majini, geuza mwili wako kwa nguvu upande wa kuume: mtumbwi utageuka upande wa kushoto chini ya miguu yako. Helikoptere ni vile vile. Motere ikizungusha rotori kwa upande mmoja, mwili wa mashini unataka kuzunguka kwa upande mwingine. Rotori ndogo ya mkia inasukuma hewa pembeni na kuuzuia. Ikisukuma sana, pua inageuka huku. Ikisukuma kidogo, pua inageuka kule. Piloti anaiongoza kwa miguu.

Mkono wa kushoto unashika kijiti kinachogeuza mabawa yote ya juu pamoja, yapate hewa nyingi au kidogo. Hapo mashini inapanda au inashuka. Mkono wa kuume unashika kijiti kingine, cha kuyageuza mabawa fasi moja tu ya mzunguko wao, ili mashini iiname na kwenda mbele, nyuma au pembeni. Shida ni hii: ukigusa kimoja, vingine vyote vinabadilika. Ukipanda, motere inafanya nguvu zaidi, basi pua inageuka, basi inafaa mguu ufanye kazi, na mashini inaanza kwenda pembeni, basi mkono wa kuume nao ufanye kazi. Yote kwa wakati mmoja.

Tena kitu kinachozunguka kwa nguvu hakitii sawa unavyozani. Toa gurudumu la kinga, shika chuma chake cha katikati kwa mikono miwili, mwenzako alizungushe sana, kisha ujaribu kuliinamisha. Litakwenda upande mwingine, si ule uliotaka. Rotori ni gurudumu la namna hiyo. Fundi asipojua jambo hili, piloti ataomba mashini iende mbele, nayo itakwenda pembeni.

Mashini yao iliitwa VS-300. Ilikuwa vyuma vyembamba vilivyounganishwa tu, bila ngozi ya kuvifunika. Motere ilikuwa ya nguvu za farasi 75. Kiti cha piloti kilikuwa mbele, wazi kabisa. Na nani alikaa pale? Sikorsky mwenyewe, na kofia yake ya mjini kichwani. Hakutaka kumpa mwingine hatari ya kwanza. Alikuwa na miaka 50, na hakuwa amekwisha kuendesha helikoptere hata siku moja. Katika kiwanda chake hakuna aliyejua.

Basi, aliifunga kwa kamba. Walining'iniza vyuma vizito chini yake, ili isiweze kuruka juu wala kupinduka kwa urahisi. Tarehe 14 Septemba 1939 magurudumu yakaachana na udongo, kidogo tu, kwa sekunde chache. Mashini iko inatetemeka mpaka piloti haoni vizuri. Akashuka. Ndiyo yote ya siku ile.

Miezi ilipita hivyo: kuinuka kidogo, kushuka, kutafuta kosa, kubadili, kuinuka tena. Katika Desemba upepo wa gafula ukaipindua, ikavunjika. Hawakuanza kulaumiana. Waliitengeneza kwa namna nyingine, na rotori ndogo tatu mkiani pahali pa moja. Tarehe 13 Mei 1940, kamba zikafunguliwa. Mashini ikasimama hewani, huru.

Hata hivi haikuwa mwisho. Iliweza kwenda juu, chini, nyuma, kuume na kushoto. Mbele ilikataa! Inasimuliwa kama walionyesha wakubwa wa kampuni filme ya mashini hiyo, na mkubwa mmoja akauliza juu ya nini haionekani ikienda mbele. Sikorsky akajibu kwa upole kama hilo ni tatizo dogo ambalo hawajalimaliza bado. Watu wakacheka, naye akarudi kazini. Aliibadilisha VS-300 zaidi ya mara kumi. Tarehe 6 Mei 1941 ilikaa hewani saa 1 na dakika 32, kupita helikoptere zote za dunia kwa wakati ule. Na katika Desemba 1941 ikafikia namna aliyoitaka tangu mwanzo: rotori moja kubwa, rotori moja ndogo mkiani. Toka sekunde chache za kamba mpaka pale, miaka miwili na zaidi.

7. Mashini ya kuokoa

Toka VS-300 ikazaliwa R-4, helikoptere ya kwanza ya Marekani kutengenezwa kwa wingi. Tarehe 3 Januari 1944 meli ya vita ililipuka karibu na New York. Katika zoruba ya teluji helikoptere moja ya namna ile ilipeleka damu ya kutia majeruhi. Katika Aprili 1944, ndani ya pori la Burma, piloti Carter Harman alitumwa kuwatoa watu wanne waliokwama nyuma ya adui, watatu kati yao wagonjwa na majeruhi. Mashini iliweza kubeba mtu mmoja tu kila safari, na joto liliipunguzia nguvu. Akawatoa wote, mmoja mmoja.

Tarehe 29 Novemba 1945 watu wawili walikuwa juu ya chombo kilichokuwa kinavunjwa na mawimbi, karibu na kiwanda chenyewe cha Sikorsky. Hakuna mashua iliyoweza kuwafikia. Jimmy Viner, mtoto wa dada yake Sikorsky, akaenda na helikoptere, ikasimama hewani katika upepo ule mkali, wakavutwa juu kwa kamba. Mnaona? Mashini iliyofungwa kwa kamba ili ijifunze, sasa ndiyo inateremsha kamba kuokoa watu.

Katika 1953 Sabena, kampuni ya Wabeljiji iliyojulikana sana huku Kongo, ilianza kubeba wasafiri toka Bruxelles mpaka miji ya inchi za jirani kwa helikoptere za Sikorsky.

Helikoptere nyingine zilikwenda vitani, na sisi wa inchi hii tunajua sauti ya helikoptere inaweza kuleta daktari au kuleta hofu. Sikorsky alijua hivyo. Jambo alilojivunia kupita yote lilikuwa watu waliookolewa, si vita vilivyoshindwa.

8. Imani yake na mwisho wake

Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu kwa fundi mdogo sawa kwa mkubwa. Alisaidia Kanisa la Warusi wenzake kule Stratford. Katika 1942, katikati ya vita na ya kazi nyingi, alitoa kitabu juu ya maana ya Sala ya Bwana. Kwake fizika na sala hazikupigana.

Aliacha ukubwa wa kazi katika 1957, lakini aliendelea kufika kiwandani kutoa mashauri. Alikufa tarehe 26 Oktoba 1972, nyumbani kwake Easton, katika Connecticut, akiwa na miaka 83. VS-300 alikuwa amekwisha kuipeleka katika jumba la ukumbusho la Henry Ford tangu 1943.

9. Sasa turudi kwa helikoptere ya mwenzetu

Ndugu yetu, fungua sanduku. Tunakushauri ufuate njia ya mzee huyu.

Kwanza, tengeneza kabla ya kuruka. Badilisha mabawa yote mawili pamoja, yawe na uzito sawa. Uishike helikoptere kwa mti wa rotori, uiache ining'inie: ikiinama mbele au nyuma, sogeza betri mpaka ikae sawa. Ukiwasha, simama mbali na uangalie mabawa kwa pembeni: yote mawili inafaa yapite kwa njia moja. Moja likipita juu ya mwenzake, rekebisha, sababu ndilo linaloleta kutetemeka. Angalia vilevile kama mkia unatii upande unaouomba. Na mabawa yanakata: watoto wasikaribie.

Pili, usiifunge kwa kamba, sababu ndogo hivyo ikivutwa na kamba itapinduka. Funga chini yake vijiti viwili vyembamba vya mwanzi, vikipitana sawa msalaba. Hiyo ndiyo kamba yako.

Tatu, tafuta fasi wazi, asubuhi kabla ya upepo. Weka mkia upande wako, ili kuume kwake iwe kuume kwako. Pua ikikugeukia, mikono yote inakuwa kinyume. Inua kidogo tu, urefu wa kidole, kisha ushuke. Gusa kijiti polepole na urudishe mara moja. Usitafute kuruka, tafuta kusimama hewani. Ukiweza kusimama dakika moja fasi moja, umekwisha kujifunza jambo gumu kupita yote.

Na sisi wengine tujifunze kutocheka mtu siku yake ya kwanza. Ni nani kati yetu hakuanguka siku ya kwanza ya kinga? Sikorsky alishindwa akiwa na miaka 20, akapoteza inchi yake akiwa na miaka 28, akafungiwa kazi akiwa na miaka 49. Kila mara alianza tena na kitu kidogo: uzi wa mpira, kalasi ya jioni, shamba la kuku, sekunde chache za kamba. Pole pole ndiyo mwendo.

Mwenzetu akitaka, Jumamosi ijayo tutakuwa pale uwanjani pamoja naye, na mwanzi wa vijiti tumekwisha kuukata. Tunaahidi: atakayecheka atabeba betri.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Sisi wa gazeti